Mapacha Wawili, Kitabu Kimoja

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, hainitoki kichwani, na kila nikiikumbuka huanza na harufu ya manyoya ya mbuzi yaliyobabuliwa. Mama mkwe wangu aliingia nyumbani kwetu mtaa wa Umoja akitoka moja kwa moja kazini kwake, kwenye machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko, mikono imeparara kwa moshi, leso kiunoni, akaketi kabla sijamkaribisha. Mimi na mume wangu tulikuwa tumemwita tumpe habari ambayo tulidhani itamfurahisha. Tulikuwa tumeamua kumtoa shule mtoto wetu mmoja, tumkabidhi yeye nyanyake, amfundishe kazi ya kupika supu.

Najua unavyoniangalia. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hata mimi nikiisikia habari hii bila mwanzo wake, naona haya.

Mimi na mume wangu Kariuki tulijaliwa wasichana wawili kwa mpigo mmoja, mapacha wa kufanana. Nilikuwa nikiwatofautisha kwa baka dogo nyuma ya sikio la mmoja wao, na nisipoliona baka lile, mimi mwenyewe mama yao nilikuwa nakosea. Sasa kwetu Wakikuyu, kama unavyojua, jina la mtoto halitafutwi. Linakuwa limekaa likimngoja. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, wa pili la mama ya mama yake. Aliyetangulia kutoka, kwa dakika chache tu, akawa Wairimu, jina la mama mkwe. Aliyemfuata akawa Nyambura, jina la mama yangu mzazi.

Na si jina tu. Mtoto huchukuliwa kuwa ndiye yule aliyeitiwa. Kariuki alikuwa akimwita Wairimu "mami" tangu akiwa kwenye nepi, na hata kumgombeza alikuwa akisitasita, maana nani atamgombeza mamake? Ni desturi tamu sana, mwanangu. Mtoto anakua akijua kuna mtu mzima aliyekuja duniani kabla yake, anayemwona kama nafsi yake. Kwa hivyo usinielewe vibaya ukadhani nailaumu mila. Ninayemlaumu ni mimi, niliyeitumia vibaya.

Nyanya hao wawili hawakufanana hata kidogo. Mama mkwe alikuwa akinunua vichwa na miguu ya mbuzi pale Kiamaiko, anavibabua motoni, anavikwangua, anapika supu ambayo watu walikuwa wakitoka hadi Dandora kuifuata. Mbuzi akifunguliwa mdomo tu mbele yake, alikuwa akikuambia umri wake kwa kutazama meno. Lakini kalamu hakuwahi kuishika. Kwenye karatasi yoyote aliweka kidole gumba, na mwenyewe alicheka akasema hiyo ndiyo sahihi isiyoweza kuibiwa. Mama yangu naye alikuwa mtu wa kanisa. Kule kijijini, akina mama wakikutana, yeye ndiye aliyesimama mbele na Biblia mikononi, akasoma kwa sauti iliyotulia, bila kukwama mahali. Nililelewa nikijivunia sauti ile. Na sitakuficha, nilipoolewa nilikuwa nikivitazama vidole vyeusi vya mama mkwe, nikajiona mtu niliyetoka nyumba ya juu kidogo.

Basi watoto walipofika umri wa kufundishwa herufi, mambo yakajipanga yenyewe bila mtu kutoa amri. Nilinunua kitabu cha hadithi, kimoja tu, maana niliona viwili ni vya nini. Jioni, chakula kikiwa jikoni, nilimpakata Nyambura, nikakifungua kitabu, nikapitisha kidole chini ya maneno tukisoma pamoja. Wairimu nilimpa ungo wa maharagwe achambue. Na alikuwa akichambua vizuri kweli, huwezi kupata jiwe hata moja baada yake. Mara nyingine alikuwa akiuacha ungo, anakuja kuchungulia begani kwangu.

"Mama, hata mimi nataka kuona."

"Maliza maharagwe kwanza, shosho," nikamjibu, yaani nyanya, kwa lugha yetu.

Akimaliza, chakula kilikuwa kimekaribia na kitabu kimefungwa. Sikuwa na nia mbaya. Niliwapenda wote wawili, niliwavisha nguo moja, niliwasuka mtindo mmoja. Ila nilishajua, au nilidhani nimejua, nani ni wa kitabu na nani ni wa kazi ya mikono, na nililijua hilo tangu siku waliyopewa majina.

Kuna jambo moja linaloniuma hata leo. Nyambura alikuwa akikwama. Alikuwa akiruka mistari, akifika kwenye neno gumu anabuni lake ambalo halipo pale kabisa. Nami nilimwambia, "Umechoka, mpenzi, turudie." Wairimu, zile siku moja moja nilizomjaribu, alikwama vilevile, akaruka mistari vilevile, akabuni maneno vilevile. Hapo nilicheka, nikamwita baba yake, nikamwambia, "Njoo umsikie mamako." Tukacheka sote. Yeye pia alicheka, kwa kuwa alipenda kufananishwa na shosho yake.

Walipokuwa darasa la tatu, mwalimu wao aliniita shuleni. Alikuwa Mwalimu Halima, mwanamke mpole, mwenyeji wa Kiamaiko, ambaye hakuwahi kupaza sauti hata darasa likiwa limejaa pomoni.

"Mama Mapacha," akaniambia, "Nyambura anasoma. Anaenda polepole, lakini anasoma. Huyu mwenzake hasomi. Anamsikiliza dadake, anashika maneno kwa kichwa, halafu anayasema huku ameangalia kitabu. Nilimpa ukurasa ambao dadake hajausoma, hakunipa hata neno moja. Mwakani itabidi arudie."

Nilirudi nyumbani nikamweleza Kariuki. Hakuna aliyeshangaa kati yetu. Hilo nalo nataka ulisikie vizuri, kwamba wazazi wawili waliambiwa mtoto wa miaka minane hajui kusoma, na hawakushangaa. Kariuki, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, alivua miwani yake ya kazi akasema, "Mami ni mtu wa mikono. Mbona tunamtesa?" Tukakubaliana apumzishwe shule mwaka mmoja, akae na nyanyake, ajifunze kazi. Tuliuita mwaka mmoja, lakini sote wawili tulijua hautaisha. Tukajipongeza kwamba tumemwonea mtoto huruma.

Tulipomwambia Wairimu, aliuliza swali moja tu, kama Nyambura naye atakuja. Nikamjibu hapana, Nyambura ana shule.

Ndipo tukamwita mama mkwe, Jumamosi moja alasiri. Nilimmiminia chai. Kariuki akaeleza yote, kuanzia kwa mwalimu hadi uamuzi wetu, huku akitabasamu, kwa kuwa tuliona kama tunampa zawadi. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kusoma kumemkataa, mami," Kariuki akasema. "Si unajua huyu ni wewe mwenyewe. Ametoka kwako."

"Ametoka kwangu namna gani?"

Kariuki akanitazama nimwokoe. Nikajitia ujasiri.

"Mama, hata wewe kusoma kulikushinda, na hujapungukiwa na kitu. Watu wanakuheshimu. Tumeona afuate njia yako."

"Nani amekuambia kulinishinda?"

"Si huwa unasema hujui?"

"Sijui, ndiyo. Lakini umewahi kunisikia nikisema kulinishinda?"

Yeye akainama mbele, mikono magotini, akaongea bila hasira, na afadhali angeongea kwa hasira.

"Sikiza, Mama Wairimu. Ndugu zangu watatu walipelekwa shule. Mimi nilipewa mtoto nimbebe mgongoni na mbuzi niwachunge. Jioni wakirudi, wao walipewa taa wafanye kazi ya mwalimu, mimi nikapewa mahindi nipukuchue. Hakuna siku mtu alinionyesha herufi nikashindwa. Hata herufi moja! Mtu anashindwa na kitu amepewa. Mimi sikupewa."

Wakati akisema hayo, Wairimu alikuwa amekaa sakafuni karibu na mlango wa jikoni, ungo mapajani. Macho ya mama mkwe yalimfikia pale, yakaenda kwenye kitabu kilichokuwa mezani mbele ya Nyambura, yakarudi tena kwenye ungo. Mimi nilitamani sakafu ipasuke niingie. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani.

"Mnasema huyu mtoto ni mimi," akaendelea. "Sawa, mila ni mila, siwezi kukataa. Kama ni mimi, basi nifundisheni mimi. Muhula mmoja. Mimi na yeye, meza moja, kitabu kimoja. Nikishindwa, nitamchukua mwenyewe na hamtanisikia nikisema kitu. Lakini hamtamtoa mtoto shule kwa jina langu na hamjanijaribu."

Ungemjibu nini? Mtu ameishika mila yako, amekugeuzia, na ameigeuza sawasawa. Tulikubali, Kariuki shingo upande, mimi kwa sababu sikuweza kumtazama machoni.

Basi akawa anakuja saa kumi jioni, supu ikishakwisha, mara tatu kwa wiki. Alikuwa akisugua mikono kwa ndimu asichafue kurasa. Siku ya kwanza nilivuta viti vitatu, cha kwangu, chake na cha mtoto. Akakitazama kile cha tatu.

"Yule mwingine ulimfundisha akikaa wapi?"

"Nilikuwa nikimpakata."

"Basi mpakate na huyu."

"Ana miaka minane, mama."

"Umechelewa, najua. Mpakate."

Wairimu akaja. Alikuwa mrefu, miguu inagusa chini. Alikaa kwenye ncha ya magoti yangu kama mgeni, amejibana, tayari kuinuka akiambiwa ainuke. Mwanangu, mtoto yule nilimzaa mimi, nikamnyonyesha mimi, na siku ile nilikuwa siujui uzito wake. Nilimvuta karibu nikalia nyuma ya shingo yake, nikajisingizia chafya. Mama mkwe alijifanya anatazama kitabu.

Kujifunza kwake yule mama kulikuwa kwa vita. Alitaka kujua kila herufi inatoa sauti gani, na mbona hii inafanana na ile, na nani aliamua hivyo. Njiani alikuwa akisimama kila kibao, cha kinyozi, cha duka la dawa, cha bucha, anasoma kwa sauti hadi mwenye duka anatoka kuuliza kama kuna shida. Kabla muhula haujafika katikati alikuwa akisoma sentensi nzima, akipiga meza kwa kiganja kila anapofika kwenye nukta. Alikuwa na furaha ya kutisha.

Wairimu mdogo alibaki nyuma. Alijitahidi, na kwa mara ya kwanza alikuwa akifundishwa kila jioni, hata zile siku shosho hakuja. Lakini maneno yalikuwa yakimponyoka. Leo anashika, kesho hana. Shosho yake alimpita wazi wazi.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuvurugika. Kama mtoto ni yeye, na wote wanafundishwa meza moja na kitabu kimoja, uzito huu wa mtoto katika kusoma unatoka wapi? Kariuki naye alikuwa akisoma gazeti lote hadi matangazo ya vifo, haraka haraka, bila taabu. Jioni moja mama mkwe alisema, huku akifunga leso yake na bila kunitazama, "Kwetu sisi hatuna shida hiyo." Nilikasirika.

Wiki chache baadaye mama yangu mzazi akaja kututembelea, na ndizi zake za kupika na maparachichi. Mama mkwe akamkuta pale alipokuja kusoma. Unajua mtu aliyejifunza kitu kipya anavyokuwa, hawezi kutulia. Akasoma ukurasa mzima mbele ya mkwe mwenzake, kisha akamsukumia kitabu.

"Haya, mkwe wangu, wewe ndiye bingwa. Tusomee huu unaofuata."

Mama alikishika kitabu, akakigeuza huku na huku. Akasema miwani ameisahau nyumbani. Mama mkwe akavua yake, ile aliyonunua soko la mitumba la Gikomba, akampa. Mama akaivaa. Akautazama ukurasa muda mrefu. Akasoma neno la kwanza, akasoma la pili, akakwama. Akaruka mstari. Akabuni neno ambalo halikuwa pale.

Makosa yale niliyajua. Nilikuwa nimeyasikia kwa miaka mitatu kutoka midomo ya mapacha wangu.

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe, Mungu amlaze pema, angeweza kunilipa siku ile kwa kila jicho nililowahi kumtupia. Badala yake alikichukua kitabu kwa upole. "Hiki kimechapishwa vibaya," akasema, "maandishi madogo kama chawa." Akainuka kwenda kuchochea jiko ambalo halikuhitaji kuchochewa.

Kesho yake asubuhi, tukimenya ndizi wawili tu, mama akaniambia. "Biblia naijua kwa masikio. Baba alikuwa akitusomea, mimi nikawa nashika. Nikifungua mahali napajua, maneno yanakuja. Nisipopajua, herufi zinanikimbia. Kaka yangu mkubwa alikuwa hivyo pia, akachapwa shuleni mpaka akatoroka."

"Miaka yote hiyo, mama?"

"Ungetaka niwaambie nini wale akina mama?" Akamenya ndizi nyingine. "Na wewe umesahau ulirudia darasa la pili? Nani alikukalisha kila jioni mpaka ukashika? Si ni shangazi yako, alipokuja kukaa kwetu?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimeficha, hata nafsi yangu nikaificha. Mpaka leo nasoma nikifuata kidole. Barua nitaisoma mara tatu ndipo nijue imesema nini, na siku zote nilidhani watu wote husoma hivyo. Basi kumbe uzito ulitoka kwangu, ukapita kwa nyumba ile ile niliyokuwa nikijivunia. Na wasichana wangu waliupata wote wawili, sawasawa, kwa kuwa walitoka yai moja. Nyambura aliubeba uzito ule ule. Tofauti ni kwamba yeye nilimsaidia kuubeba jioni baada ya jioni kwa miaka mitatu, na dadake nilimwachia aubebe peke yake, tena nikimcheka.

Nilienda kwa Mwalimu Halima nikamweleza yote, hata ya mama. Alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa.

"Haya mambo hutembea kwenye familia, Mama Mapacha, kama mwanya wa meno. Si ujinga, wala si uvivu. Mapacha wako wote wanayo, nami nilikuwa nikiyaona kwa yule mwingine pia. Lakini yeye alikuja shuleni akiwa ameshashikwa mkono."

"Na huyu?"

"Huyu tumemchelewesha. Bado anaweza. Msomeeni kidogo kila siku, kwa sauti, mkifuata kwa kidole, mkirudia sauti za herufi hata kama mnaona anazijua. Na asichekwe tena."

Muhula uliisha Ijumaa. Kariuki alikuja mapema, akaketi na nguo zake za kazi. Mama mkwe alikuwa pale, na Nyambura kwenye stuli. Wairimu akasimama na kitabu, ukurasa ambao Mwalimu Halima alikuwa ameuchagua mwenyewe, ambao hakuna mtu alikuwa amemsomea. Akaanza. Mwanangu, ule ukurasa mmoja ulichukua muda hadi chai ikaota ngozi juu. Alikwama mara nne. Kila akikwama, alirudi nyuma, akaweka kidole, akatamka sauti moja moja, akasonga. Midomo ya shosho yake ilikuwa ikienda, lakini sauti haikutoka. Alipofika nukta ya mwisho hakunitazama mimi, wala baba yake. Alimtazama dadake, na dadake alikuwa akibubujikwa na machozi.

Kariuki alikohoa mara mbili tatu. "Hakuna mtu anatoka kwa hii nyumba," akasema. Ndivyo Wairimu alivyobaki shuleni.

Lakini usidhani mambo yaliisha vizuri yote. Darasa la tatu alilirudia. Wasichana waliolala tumbo moja wakapishana darasa moja tangu siku hiyo hadi mwisho wa shule. Watu walipouliza mbona mapacha hawako pamoja, yeye ndiye aliyebaki kujibu, mimi nikitazama pembeni. Ule mwaka niliupoteza mimi, akaulipa yeye.

Na kuna siku moja baada ya hapo, tukiwa wawili, mimi nimempakata ingawa alikuwa mkubwa wa kuchekesha. Alikuwa amesoma ukurasa bila kukwama hata mara moja. Akafunga kitabu, akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kama kuna sukari.

"Mama, kama Nyambura ndiye angetoka kwanza, mimi ndiye ungekuwa unanisomea?"

Nilifungua mdomo. Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa ndiyo, na sikuweza kulitamka. Aliningoja kidogo. Kisha akafungua ukurasa uliofuata, akaendelea kusoma.

Leo Wairimu ni mama, anaishi mtaa wa Kware, kwenye moja ya zile ghorofa ambazo nguo za majirani hukaukia dirishani kwako. Binti yake wa pili ana jina langu, na mtoto alipofika miaka sita akaanza kuruka mistari. Damu haikuwa imesahau. Nilimsikiliza siku moja, ulimi ukaniwasha kusema, "Huyu ni mimi kabisa," nikauuma. Wairimu hakuwa na haja ya maneno yangu. Alikuwa ameshaweka simu mbali, amempakata mtoto, na kidole kiko chini ya mstari.

Basi nakuusia, mwanangu, wewe unayelea sasa. Watoto wako watarithi vitu vyako, vingine hutavipenda, na hakuna atakayekuuliza kwanza. Kubali hilo bila aibu. Ukiwa ulitaabika na herufi, sema, usiwafiche wanao wala mwalimu wao, maana ukificha wewe watateseka wao. Lakini ukishajua ametoka kwa nani, usifunge kesi. Ndipo kazi yako inapoanzia. Mwenye kusoma kwa taabu ndiye wa kusomewa zaidi, mapema zaidi, na kwa uvumilivu zaidi, na sisi wengi hufanya kinyume, tunamwongezea yule anayeweza na kumpa mwenzake ungo. Usimcheke mtoto kwa jina alilopewa na watu wazima. Na kabla hujasema kitu kimemshinda, jiulize kwa ukweli, kama mtu anayeapa, ni mara ngapi ulikaa naye ukampa kitu hicho.

Mungu awajalie wanao macho mepesi na masikio yanayoshika. Na kama yuko kati yao atakayenyimwa wepesi huo, akujalie wewe muda wa kuketi naye na moyo wa kutochoka, na asiwahi kuwa na sababu ya kukuuliza nilichoulizwa mimi.